Taa za Trela na Mama Mkwe Wangu

Maji ya kisima chetu kule Kwa Vonza yana chumvi. Ng'ombe huyanywa bila neno, mbuzi huyanywa wakikunja uso, na sisi watu huyanywa tukiambiana kwamba ni mazuri kwa mifupa. Kazi yangu ilikuwa kuyabeba. Nilikuwa na pikapu kuukuu na trela, na juu ya trela nilikuwa nimefunga tangi la plastiki. Wiki ambayo hakukuwa na harusi wala mazishi ya kukodi mahema na viti vyangu, nilizunguka na tangi hilo nikiwapelekea maji wenye mifugo. Bomba la tangi lilikuwa likivuja. Halikuvuja kwa fujo. Lilivuja kwa adabu, tone baada ya tone, na kila tone liliangukia pale pale, juu ya plagi inayounganisha taa za trela na waya za pikapu.

Niliyaona matone hayo kwa muda mrefu na sikufanya kitu. Mtu aliyezaliwa Kitui haamki asubuhi akayagombeza maji yanayodondoka.

Kwanza taa ndogo za nyuma zilififia, zikawa kama macho ya mtu aliyekesha. Kisha trela ikaanza tabia. Nikikanyaga breki, indiketa zinawaka. Nikiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja kama zinamshangilia mtu. Nilipofungua plagi nikakuta ndani mmeota kitu cha kijani, unga unga, kama ukungu wa mkate uliosahaulika kabatini. Shaba ilikuwa imeliwa na chumvi. Umeme haukuwa na njia ya kurudi ulikotoka, basi ukawa unatafuta njia kwenye taa za jirani.

Ningeipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale sokoni akaiangalia, lakini nina kaka mkubwa. Kaka yangu alistaafu kutoka ofisi moja kubwa Nairobi, ambako kwa miaka yote hakuna aliyejua hasa alikuwa anafanya kazi gani, na alirudi nyumbani akiwa anajua kila kitu. Anajua ng'ombe, anajua sheria, anajua ugonjwa wa mtu kabla mtu hajamaliza kukohoa. Kanisani ni mwenyekiti wa kamati ya wanaume, na pia ni mwenyekiti wa kamati ndogo iliyoundwa kuisaidia kamati hiyo. Aliposikia habari za trela alikuja na kisu cha jikoni, plasta ya kufungia vidonda na mifuko mitupu ya maziwa.

"Fundi wa nini?" akaniuliza. "Unataka kulipa mtu kwa kufunga waya?"

"Lakini ziko nyingi, kaka. Na kila moja ina rangi yake."

"Waya ni waya," akasema, huku akikata. "Rangi ni mapambo tu ya kiwandani."

Alikata pale palipooza, akasokota ncha na ncha, akafunga plasta, akafunika kwa karatasi ya maziwa, akakaza na ukanda wa mpira wa baiskeli. Ukitazama kwa mbali ungedhani trela imevunjika mguu na imetoka hospitali. Kisha tukajaribu taa, na taa zikawaka. Kaka akapangusa mikono, akanitazama kama anasubiri makofi.

Siku iliyofuata, njiani kuelekea soko la Kwa Vonza, nilikata kona kushoto na mwenye mkokoteni wa punda aliyekuwa nyuma yangu akanitukana kwa Kikamba cha zamani, kile ambacho siku hizi husikii isipokuwa mtu amekasirika kweli. Niliposimama ili nijitetee, akanionyesha kwa mjeledi. Nilikuwa nimewasha kushoto, na trela ilikuwa imewasha kulia. Kaka alikuwa ameunganisha waya wa njano na ule wa kijani.

Nikampigia simu.

"Kuna shida gani?" akasema. "Ukitaka kwenda kushoto, washa ya kulia."

Basi nikaishi hivyo. Lakini pikapu yenyewe, kwa mbele, taa zake zilikuwa sawa. Kwa hiyo waliokuwa mbele yetu niliwaambia jambo moja, na waliokuwa nyuma yetu nikawaambia kinyume chake. Nimeona watu wakichaguliwa viongozi kwa njia hiyo, tena kwa kura nyingi, lakini barabarani ni hatari. Ikabidi kila kona nijiulize ni nani nimdanganye, wa mbele au wa nyuma. Nikimwona wa mbele yuko mbali nilimdanganya yeye. Nikiwa peke yangu barabarani nilikata kona bila kumwambia mtu chochote.

Mke wangu alinishauri mara nyingi nibadilishe waya zote, plagi na soketi yake, yaishe. Nilimjibu kwamba kamati ya wanaume inalishughulikia suala hilo. Na ni kweli lilikuwa limefika huko, kwa sababu trela ndiyo iliyokuwa ikibeba viti vya kanisa. Wazee walilijadili baada ya ibada, wakasema dereva awe mwangalifu, wakafunga kwa maombi.

Sasa niseme kidogo juu ya mama mkwe wangu. Mke wangu ni mtu wa Kilungu, kule Makueni, vilimani, mahali ambapo maparachichi huanguka yenyewe na hakuna anayeinama kuyaokota. Mamake alikuwa mjane, mrefu, mkimya, na aliishika nthoni kama wengine wanavyoishika Biblia. Nthoni ni ile heshima yetu Wakamba baina ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamli chumba kimoja, hamkutani njiani uso kwa uso. Mmoja wenu lazima ajiingize kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi watu wengi wameiacha, hasa sisi wa makanisa. Mchungaji wetu alipotembelea kanisa lao alihubiri kwamba katika Bwana hakuna mkwe wala mama mkwe, sote ni ndugu. Mama mkwe wangu alisema amina kwa sauti kuliko mtu yeyote, kisha akatokea mlango wa nyuma ili tusikutane.

Miaka yote ya ndoa yangu, kila neno aliloniambia lilipitia kinywani mwa mke wangu. "Mama anasema karibu." "Mama anasema chai iko tayari." "Mama anauliza kama umenenepa au ni shati." Mimi nami nilijibu kupitia njia hiyo hiyo, na bila shaka mengine yalihaririwa njiani.

Mwaka huo watoto wake walimjengea nyumba mpya ya mawe, na akataka ibarikiwe kabla hajalala ndani. Mchungaji wetu angebariki, kaka yangu angetoa hotuba kwa niaba ya upande wetu, na mimi ningeleta mahema na viti. Tukatoka Kwa Vonza asubuhi, mimi na mke wangu kwenye pikapu, trela nyuma ikiwa imejaa viti mpaka juu, na nyuma yetu gari la kukodi lenye wazee, mchungaji na kaka yangu, aliyekaa mbele karibu na dereva ili aongoze safari. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kufika kwa mama mkwe. Kwa hiyo tulikubaliana jambo rahisi: wafuate taa zangu.

Mpaka barabara ya Mombasa tulikwenda vizuri. Nilikuwa nimeshazoea uongo wangu. Kona ya kushoto niliwasha kulia, na wazee wakafuata bila wasiwasi. Lakini tulipoiacha lami na kuanza kupanda vilima, vumbi likawa zito, na kwenye njia panda moja, pale ambapo kushoto ni kwa mama mkwe na kulia ni kwa watu wengine kabisa, pikipiki ikatokea juu ikiteremka kwa kasi na gunia la makaa nyuma. Nikaogopa kumdanganya kijana aliyeiendesha akafa. Nikawasha kushoto, kwa ukweli wote, nikakata kushoto.

Nyuma, ndani ya vumbi, trela ikawaambia wazee kulia.

Mchungaji alinisimulia baadaye kilichotokea ndani ya gari lao. Dereva alisita. Alisema alidhani ameona trela ikielekea upande ule mwingine.

"Taa inasema kulia," kaka yangu akamwambia. "Twende kulia. Taa hizi nimezitengeneza mimi mwenyewe."

Hawakwenda mbali kabla ya kuona hema, watu waliovaa vizuri, na wanawake wakikoroga sufuria kubwa. Lilikuwa boma la watu waliokuwa wakimpongeza binti yao aliyehitimu chuo kikuu. Wenyeji walipoona gari limejaa wanaume wa makamo wenye suti na mchungaji mwenye kola, hawakuuliza. Kwetu mgeni mwenye suti haulizwi. Wazee wetu waliimbiwa, wakapigiwa vigelegele, wakaketishwa meza ya mbele. Mchungaji aliomba watu wazime simu kwa heshima ya ibada, na wazee wakazima zao pia ili kuonyesha mfano. Hiyo ndiyo sababu nilipiga simu mchana kutwa bila kujibiwa.

Kisha kaka yangu akasimama kutoa hotuba. Alikuwa ameiandaa juu ya nyumba. Alizungumza juu ya msingi. Alisema mama huyu amehangaika jiwe kwa jiwe, na leo tunaona kuta zimesimama. Alisema mvua itanyesha na pepo zitavuma, lakini kilichojengwa juu ya mwamba hakitaanguka. Alisema sasa kilichobaki ni kuingia ndani. Mama wa binti alilia. Babake akainuka akamkumbatia. Watu walisema hawajawahi kusikia mtu akiieleza elimu kwa kina namna hiyo. Hata binti mwenyewe, msomi, aliyafuta machozi.

Mchungaji aliniambia yeye alianza kushuku wakati wa chakula, alipouliza nyumba ya kubariki iko wapi na akaonyeshwa choo kipya. Akakibariki hata hivyo. Asingeweza kukataa, alikuwa na paja la kuku mkononi.

Sisi kwa mama mkwe tulikuwa tumemaliza kusimamisha mahema. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vitupu, vikitazama nyumba. Majirani walifika, wakaketi nyuma kwa unyenyekevu, wakaacha mistari ya mbele kwa wageni kutoka Kitui ambao hawakuonekana. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulipoa ukapashwa moto, ukapoa tena. Mama mkwe alikaa kwenye mlango wa nyumba ya zamani akiwa amejitanda leso, akimwita mke wangu kila baada ya muda, na mke wangu akija kwangu.

"Mama anauliza watu wako wako wapi."

"Mwambie wako njiani."

Anaondoka, anarudi.

"Mama anauliza njia gani."

Walifika jua likiwa limeelekea magharibi, wameelekezwa njia na wenyeji wao wapya, wameshiba, wakiwa na ile furaha ya watu waliosifiwa. Kaka yangu aliteremka wa kwanza, akanishika bega mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu," akasema kwa huzuni, "ulitupoteza."

"Mimi?"

"Taa yako ilisema kulia."

Nikawaonyesha wazee ile mistari ya mbele. Nyumba ikabarikiwa harakaharaka. Kaka hakuwa na hotuba nyingine, akarudia ile ile, na hapa, ambapo ilihusu nyumba kweli, watu walipiga miayo. Chakula kililetwa, na wazee wakakitazama kama watu wanaotazama mlima. Mmoja alisema yuko kwenye mfungo. Hakuna dharau kubwa kwa mwanamke wa Kilungu kuliko sahani iliyorudi imejaa. Niliwaona wanawake wakizirudisha jikoni moja moja, na mama mkwe amesimama mlangoni akizihesabu kwa macho.

Wazee waliondoka kabla giza halijaingia. Mimi nilikuwa bado nafungua kamba za hema mke wangu aliponijia, uso umekaza, akijaribu asicheke.

"Mama anasema trela hiyo haitatoka kwake ikiwa bado inadanganya watu."

"Anasema hivyo?"

"Amesema na mengine. Nimeyapunguza."

Asubuhi nilishuka sokoni kwenye duka la spea nikapata waya mpya wenye nyuzi saba za rangi, plagi mpya, soketi mpya, na msasa. Niliporudi, nikakuta boma kimya. Mke wangu na dada zake walikuwa wamekwenda kurudisha sufuria walizoazima kwa majirani, na kwa kuwa kila sufuria hurudishwa na mazungumzo yake, nilijua hawatarudi upesi. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba na kuku wake. Nikafurahi. Nikalala chali chini ya trela nikaanza kazi.

Niling'oa kila kitu. Plasta ya kaka yangu ilitoka pamoja na ngozi ya waya. Karatasi za maziwa zilikuwa zimeshika maji ndani yake, zikayatunza kama chupa, kwa hiyo ule ufunikaji wake wote ulikuwa umeharakisha uozo. Kuna mahali waya ulionekana mzima kwa nje, lakini nilipoukunja ukakatika kama biskuti, na ndani hakukuwa na shaba, ni vumbi la kijani tu. Nikavuta waya mpya kupitia mkono wa trela, nikaukaza usining'inie, nikafuata rangi moja moja, njano kwa njano, kijani kwa kijani, nyekundu kwa breki. Ule mweupe, ambao ndio unaourudisha umeme, niliutafutia chuma kizuri, nikakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka kikang'aa, nikaufunga hapo kwa nati. Ndani ya plagi nikapaka grisi. Nikapanga kwamba nikifika nyumbani nitalihamisha na lile bomba la tangi, lidondokee upande mwingine.

Indiketa zilikuwa sawa. Taa ndogo sawa. Ikabaki breki. Na breki ina ubaya mmoja: anayeikanyaga yuko mbele na taa iko nyuma. Nilijaribu kukanyaga kwa kijiti kilichoegemezwa kwenye kiti, kikateleza. Nilijaribu jiwe, likaviringika chini ya kiti. Nikasimama pale katikati ya boma, mikono imejaa grisi, nikitazama njia kama mke wangu anakuja.

Nikasikia sauti upande wa pili wa pikapu.

"Wewe kuku," sauti ilisema, "muulize huyo mtu anatafuta nini."

Palikuwa na kuku kweli, jike la madoadoa, likiparua karibu na gurudumu la mbele. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya pikapu. Niliona vidole vya miguu yake tu chini ya gari. Sikujua nifanye nini. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia sauti yake ikinielekea, hata kwa kupitia kuku.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama nahitaji mtu wa kukanyaga breki."

Vidole vya miguu vikasogea kuelekea mlango wa dereva.

"Kuku, muulize breki ni ipi."

"Kuku, mwambie mama ni ile ya katikati."

Nikarudi nyuma ya trela upesi, nikachuchumaa, mgongo umegeuka, mpaka niliposikia mlango wa pikapu ukifungwa. Sasa kati yetu kulikuwa na pikapu nzima, mkono wa trela, trela, na mrundiko wa viti. Hata wazee wa zamani, wale waliotunga nthoni, wasingetaka umbali zaidi ya huo.

"Breki!" nikapaza sauti.

Honi ikalia. Kuku akaruka, mbwa wa jirani wakajibu.

"Aiya!" ikaja sauti kutoka mbele. "Kuku, mwambie siyo mimi, ni kiwiko."

"Mama akanyage sasa!"

"Nimekanyaga!"

Taa zilikuwa hazijawaka. Ila vifuta kioo vilikuwa vinakwenda, kavu, vikilia.

"Ile ya katikati, mama!"

Nilikuwa nimesahau kumtaja kuku. Nikaganda. Lakini jibu likaja kama kawaida.

"Hii? Hii ni ngumu. Nimekanyaga mpaka mguu unataka kufika Kibwezi."

Taa mbili nyekundu zikawaka, safi, bila kupepesa, na indiketa zikatulia. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kama hicho mchana wa jua kali.

"Achilia! Kanyaga! Achilia!"

Alikuwa ameanza kupendezwa. Alikanyaga hata nisiposema. Kisha simu yangu, niliyokuwa nimeiacha kwenye kiti, ikalia, na kabla sijafikiria nikasikia amepokea. Akaibonyeza mahali fulani na sauti ya kaka yangu ikajaa boma zima. Alikuwa amepiga ili anipe mwongozo. Alisema nisihangaike na rangi, na kwamba plasta bora ni ile pana.

"Huyo unayemtafuta yuko nyuma anafanya kazi," mama mkwe akamwambia. "Wewe hotuba yako imekwisha?"

Simu ikakatika. Nilikuwa nimekaa chini nimeegemea gurudumu, nacheka kimyakimya, mpaka nikasikia kwamba mbele nako kuna mtu anacheka. Kicheko chake kilikuwa kama cha mke wangu. Sikuwa nimewahi kukijua.

Kicheko kilipoisha hakushuka.

"Nthoni," akasema, na safari hii hakumtuma kuku, "ni nzuri kwa mtu mwenye watu. Baba yao alipokuwa hai, na watoto wote hapa, nilikuwa na wa kuongea nao mpaka nachoka. Sasa asubuhi naamka naongea na hizi kuku. Wewe ukija, amekuja mtu wa kuzungumza naye, lakini ni mkwe."

Nikasema tu, "Ndio, mama."

"Na lile blanketi mliloniletea, lina manyoya. Linanikohoza. Miaka yote hii nakuambia, na huyo binti yangu anakuambia mama anashukuru."

"Nitaleta lingine."

"La pamba."

Kisha akataka kuona taa kwa macho yake. Hapo tukapata kazi nyingine, kwa sababu ilibidi yeye aje nyuma na mimi niende mbele. Akashuka upande wa dereva na kuja nyuma kwa upande huo, akiwa ameshikilia leso usoni. Mimi nikazunguka kwa upande wa pili nikitazama milima, gari likiwa katikati yetu. Nikaingia, nikawasha kushoto.

"Kushoto," akasema.

Nikawasha kulia.

"Kulia. Breki. Sasa inasema ukweli."

Mke wangu aliporudi alitukuta hivyo, mimi ndani ya pikapu nikibonyeza, mamake nyuma ya trela akitangaza kama mwamuzi wa mashindano. Alisimama langoni na sufuria moja iliyokosa mwenyewe.

Jumapili, kule kwetu, kamati ya wanaume ilipokea taarifa kwamba taa za trela sasa zinafanya kazi. Ilipendekezwa, ikaungwa mkono, na ikapitishwa kwa sauti moja kwamba mwenyekiti apewe shukrani kwa mwongozo wake wa kiufundi. Kaka yangu alisimama akasema hakufanya kwa ajili ya sifa. Wiki hiyo hiyo ile familia ya binti msomi ilimwalika kuwa mgeni wa heshima kwenye harusi ya mtoto wao mwingine. Amekubali. Nasikia atazungumza juu ya msingi.

Mama mkwe na mimi hatukuwa watu wengine kwa siku moja. Alirudi nyuma ya mlango, na mke wangu akarudi kazini kwake kama mkalimani. Lakini baada ya mavuno akatuma ujumbe kwamba anataka kwenda Kibwezi kumwona dadake mgonjwa, na kwamba basi linamuumiza mgongo, na kwamba anaelewa pikapu ina kiti kirefu cha mbele. Tulimchukua. Mke wangu alikaa katikati yetu kama ukuta, na kwa muda mrefu alifanya kazi ya ukuta vizuri. Lakini barabara ya Mombasa ni ndefu na jua la huko chini ni kali, na kabla ya Kibwezi ukuta ukalala, kichwa kikaangukia begani kwangu.

Mama mkwe alitazama mbele. Mimi nilitazama mbele. Malori yalipita.

"Vitunguu vya huku," akasema hatimaye, "wanavimwagilia maji mengi. Havikai."

"Vinaoza haraka," nikasema.

"Vinaoza. Lakini simama pale, nione."

Nikasimama kando ya barabara. Alibishana na muuzaji kupitia dirishani mpaka muuzaji akaomba msaada wa Mungu, mama mkwe akamenya vitunguu viwili vitatu akavinusa, akavikataa, kisha akavikubali. Alivuta mfuko ndani, ulikuwa mzito, na hakukuwa na mahali pa kuuweka kwa sababu mke wangu alikuwa amelala katikati. Akanyoosha mkono juu ya binti yake.

"Shika," akaniambia, na nikashika.